Mzee Ojwang' Hatari: mcheza kwao hutuzwa, lakini lini?

Benson Wanjau. Litaje jina hilo barazani, iwe Mombasa, Malindi au Lamu, na wengi watakutazama tu. Sema Mzee Ojwang' Hatari, na kila aliyewahi kuketi mbele ya runinga miaka ya themanini ataanza kucheka kabla hujamaliza.

Wanjau ndiye aliyekuwa Ojwang' wa Vitimbi, mchezo wa kuchekesha ulioonyeshwa na Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu 1989 twaliita KBC. Vijana wa leo, wenye stesheni nyingi na simu mkononi, huenda wasielewe uzito wake. Kabla ya KTN kuanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya runinga. Kilichoonwa Mombasa ndicho kilichoonwa Kisumu. Asiyekuwa na runinga alikwenda kwa jirani, watoto wakakaa mkekani mbele, wakubwa nyuma. Vijijini ambako umeme haukufika, tangu huku mwambao hadi bara kama kule Gachoka, Mbeere, mwenye runinga aliiwasha kwa betri ya gari, na jioni hiyo nyumba yake haikuwa yake tena.

Walichokwenda kutazama ni mzee mwenye miwani mikubwa, kofia na suruali pana isiyomkaa, mwingi wa hila na mpenda vya bure. Kando yake alikuwa Mama Kayai, mkewe wa mchezoni, anayeigizwa na Mary Khavere: mwanamke nadhifu, mwenye kujua kuvaa na kujua kusema. Mzee alipanga ujanja wake, mama akaufumbua. Wawili hao walizoeana hata watu wengi wakaamini kuwa ni mume na mke wa kweli. Hawakuwa. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Lakini la ajabu zaidi ni hili. Ojwang' ni jina la Kijaluo, na lafudhi aliyoitumia ni ya Kijaluo. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Katika nchi hii, ambapo jina la mtu laweza kumfungulia mlango au kumfungia, na ambapo baada ya uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu elfu moja waliuawa, alikuwepo mtu aliyevaa ulimi wa jirani yake maisha yake yote ya usanii. Wajaluo walimpenda kama mzee wao. Aliyechekwa hakuwa kabila fulani. Alikuwa mume mkaidi anayejulikana kila mtaa, na sisi huku twamjua pia.

Wako wazee wetu wa pwani waliokunja uso kwa Kiswahili cha Vitimbi. Hawakukosa sababu, kwani kilivunjwa makusudi ili watu wacheke. Hata hivyo neno vitimbi ni letu, na kila wiki lilibisha hodi katika nyumba ambazo Kiswahili hakikuwa lugha ya jikoni. Mtoto wa bara aliyecheka na Ojwang' alikuwa anajifunza kusikia lugha hii bila kuchapwa na mwalimu. Hilo nalo ni deni tunalodaiwa.

Alifanya kazi hiyo kwa miongo mitatu hivi. Sifa zilikuwa nyingi, mali haikuwa. Wasanii wa enzi zake hawakuwa na malipo ya kumkimu mtu uzeeni, na kicheko hakiwekwi benki. Miaka yake ya mwisho macho yakamsumbua, na matibabu yakahitaji fedha asizokuwa nazo. Habari zilipoenea, Wakenya walichanga kwa simu, kila mtu kwa uwezo wake. Lilikuwa jambo jema, na lilimfaa. Lakini ni aibu pia kwamba mtu aliyeingia kila nyumba kwa miaka yote hiyo ilibidi aombewe msaada hadharani.

Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na miaka 78, akazikwa makaburi ya Lang'ata. Siku hizo viongozi na magazeti walimsifu sana. Yeye hakuzisikia sifa hizo.

Waswahili twasema mcheza kwao hutuzwa. Na sisi twajua namna ya kutuza. Mwimbaji wa taarabu akitoa neno likamgusa mtu, huyo mtu hainuki kesho wala hangoji matanga. Huinuka pale pale, akenda mbele na noti yake mkononi, watu wote wakiona. Mzee Ojwang' alituzwa kicheko papo hapo, lakini noti ilichelewa hadi macho yalipokuwa yamekwisha kuharibika.

Wapo wengine miongoni mwetu leo: waigizaji wa redio waliostaafu, wapiga ngoma na waimbaji wa harusi ambao nyimbo zao twazijua na nyumba zao hatuzijui. Uliza jirani yako wanaishi wapi. Wengine si mbali, ni mtaa wa pili tu.