Hansen: Mwanafizikia aliyefariki kabla ya mtambo wake kuokoa wagonjwa

MGONJWA wa saratani anayepanda matatu alfajiri kutoka Kayole, Dandora au Umoja kwenda kutibiwa kwa mionzi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, huenda hajawahi kusikia jina la William Webster Hansen. Hata hivyo, mashine za kisasa za tiba hiyo zinadaiwa shukrani kubwa na mwanafizikia huyo wa Marekani.

Hansen alizaliwa Mei 27, 1909 mjini Fresno, jimbo la California. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na umri wa miaka 16 na kupata shahada ya uzamifu mwaka wa 1933.

Zama hizo, aliyetaka kuzipa elektroni kasi kubwa alihitaji umeme wa volti nyingi mno, wenye gharama na hatari. Hansen alibaini kwamba mawimbi ya redio yakifungiwa ndani ya kopo la shaba hukusanya nguvu, mithili ya sauti inavyovuma mtungini. Elektroni zikipita humo kwa wakati ufaao, husukumwa mbele. Makopo yakipangwa safu moja, kila moja huongeza msukumo.

Mwaka wa 1937, ndugu wawili, Russell na Sigurd Varian, walitumia kopo hilo kuunda klaistroni, kifaa cha kuzalisha na kukuza mawimbi hayo, kilichofaa sana katika rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mnamo 1947, Hansen na wenzake waliwasha mtambo wao wa kwanza. Ulikuwa na urefu wa mita 3.6 tu, lakini uliipa kila elektroni nishati sawa na ya volti milioni 6. Papo hapo akaanza kupanga mtambo mkubwa zaidi.

Hakuukamilisha. Mapafu yake yalikuwa yamedhoofika kwa maradhi yanayohusishwa na vumbi la beriliamu, madini aliyoyatumia katika utafiti. Alifariki Mei 23, 1949, siku nne kabla ya kutimiza miaka 40, na wiki chache baada ya kuchaguliwa mwanachama wa Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani.

Miaka saba baadaye, 1956, mwenzake Edward Ginzton na daktari Henry Kaplan walitumia mtambo wa aina hiyo kumtibu mtoto aliyekuwa na saratani ya jicho. Mtoto huyo alipona na kubaki na uwezo wa kuona.

Leo, mgonjwa wa Eastlands hulala chini ya mashine kama hiyo kwa dakika chache, kwa kawaida siku tano kwa juma, kisha hurejea nyumbani kwa matatu ile ile.