Janani Luwum: Askofu Aliyesingiziwa Silaha

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata njia fupi yaweza kumfikisha asiye na hatia kaburini kabla uongo haujagunduliwa. Ndivyo yalivyomfika Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda mwaka wa 1977.

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mifugo, na shule aliianza kwa kuchelewa. Baadaye alisomea ualimu akafundisha. Mnamo Januari 1948 aliishika dini yake ya Kikristo kwa moyo wote, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha Buwalasi kusomea kazi ya kanisa. Alifanywa kasisi mwaka wa 1956, kisha askofu wa Uganda ya Kaskazini mwaka wa 1969. Mwaka wa 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Wakati huo Idi Amin alikuwa amekwisha kutawala miaka mitatu. Watu walichukuliwa majumbani mwao wasirudi tena. Luwum hakunyamaza, mara kwa mara alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kuuliza habari za waliopotea.

Msomaji asidhani kuwa hiyo ilikuwa vita baina ya msikiti na kanisa. Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri zamani, alikuwa Mwislamu, naye aliuawa mwaka wa 1973. Tena, mnamo Agosti 1976 viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walikaa pamoja wakazungumza juu ya dhiki za raia, Luwum akiwa mbele. Amin alipopata habari alighadhibika kwamba wamekutana bila ya idhini yake.

Usiku wa manane, tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu kule Namirembe, Kampala. Walikuja na mtu aliyefungwa pingu, aliyelazimishwa kumshuhudia uongo kwamba ameficha silaha. Nyumba ilipekuliwa chumba kwa chumba, hata mahali pa ibada. Silaha yo yote haikuonekana.

Maaskofu walimwandikia Amin barua kulalamikia upekuzi ule na mauaji yaliyokuwa yakitendeka nchini. Rafiki zake walimsihi Luwum akimbie. Mpaka wa Kenya haukuwa mbali, na wengi walikuwa wamekwisha kuuvuka. Yeye alikataa, maana hakuweza kuliacha kundi alilokabidhiwa.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa kwenye uwanja wa hoteli ya Nile mjini Kampala. Silaha zilikuwa zimepangwa mbele ya halaiki ya askari. Zikasomwa karatasi zilizodai kuwa Luwum alishirikiana na Milton Obote, rais aliyepinduliwa mwaka wa 1971, ili kuiangusha serikali. Askari wakapiga kelele wakitaka wauawe. Askofu alitikisa kichwa tu kukana. Wenzake walipoambiwa waende zao, yeye alizuiliwa. Kabla ya kuachana nao alimjulisha mmoja wao kwamba anajua atauawa, wala haogopi.

Siku ya pili yake redio ilitangaza kuwa Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya motokaa. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini maiti haikuletwa. Askari waliipeleka Mucwini katika jeneza lililofungwa. Watu wa kwao walilifungua, wakaona matundu ya risasi. Hapo uongo wa ajali ukafichuka.

Amin alipinduliwa Aprili 1979, akafa uhamishoni Jeddah mwaka wa 2003. Sanamu ya Luwum iliwekwa Westminster Abbey, London, mwaka wa 1998, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Ushahidi wa uongo ni dhambi kubwa katika Uislamu na katika Ukristo pia. Luwum angeweza kuokoa maisha yake kwa kukimbia au kwa kunyamaza. Hakufanya hata moja, na waliomsingizia hawakuweza kumwondoa katika imani yake.