Tingatinga Alikuwa Mtu

Juzi nilikuwa Chaka, pale njia ya Nyeri inapokutana na ile ya kwenda Nanyuki, nikaona picha ya chui mwenye madoa ya kung'aa ikiuzwa pamoja na vinyago. Niligeuza mbele na nyuma, haikuwa na jina la mchoraji. Nikamwambia kijana muuzaji kuwa hiyo ni tingatinga. Akacheka. Tingatinga anayoijua yeye ni trekta. Kiswahili chake ni sahihi, lakini jina hilo lilikuwa pia la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, kwa wazazi wakulima. Miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama vijana wengi wa kusini, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alitunza bustani ya Mwingereza, na kazi hiyo ilipokwisha akaishi kwa vibarua na biashara ndogondogo.

Kuchora alianza mwaka 1968, mtu mzima wa miaka 36. Turubai hakuwa nayo. Alichukua vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, na rangi ya kupaka baiskeli. Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu. Rangi ile haibembelezeki. Unaipaka bapa, inang'aa, basi. Ndiyo maana mnyama wake husimama peke yake mbele ya rangi moja, macho makubwa, mwili umejaa nukta. Ufukara ulimchagulia vifaa, mtindo akautunga mwenyewe.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mkewe akisaidia, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Jamaa zake wakaja kujifunza, akiwemo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Omari Amonde. Kisha akapata ajira hospitali ya Muhimbili, na shirika la serikali likaanza kununua kazi zake.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam, wakidhani gari alilopanda ni la wezi waliokuwa wakitoroka. Alikuwa amechora miaka minne tu.

Kama kuchora wanyama kunafaa au hakufai, hilo nawaachia masheikh. Wanaonakili mtindo wake pia siwalaumu, maana wengi wamelea watoto kwa kazi hiyo. Mwaka 2010 hata katuni za watoto za mtindo huo zilitengenezwa hapa Nairobi. Nawalaumu sisi wa pwani tunaomuuzia mtalii chui yule kama "sanaa ya Kiafrika" tu, kana kwamba imeota mtini.

Wanafunzi wake hawakumsahau. Baada ya msiba waliendelea kuchora palepale Morogoro Stores, wakafundisha wadogo zao, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Wakaupa jina lake.