Mzee Kabila: miaka ya maki katika milima ya Fizi

Mbele ya kuwa raisi wa Kongo, Laurent-Désiré Kabila alikuwa mkubwa wa sehemu ndogo tu: milima ya Fizi, juu ya ziwa Tanganyika. Huku alitawala miaka mingi kuliko ile alikaa Kinshasa.

Kabila hakuwa mtoto wa Fizi. Alikuwa Muluba wa Katanga, alizaliwa mwaka wa 1939. Alianza siasa akiwa kijana, katika chama cha Balubakat cha Jason Sendwe. Lumumba alipouawa Januari 1961, vijana wengi wa upande wake walikataa kutulia. Mwaka wa 1964, wakati wa uasi wa Simba, Kabila alitumwa huku mashariki.

Aprili 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na Wakuba wenzake, wakapiga kambi Kibamba, ndani ya Fizi. Walikuja kusaidia vita, lakini Kabila alikaa zaidi Tanzania. Alifika Kibamba mwezi wa 7, akabaki siku chache tu, akarudi. Che alilalamika juu ya jambo hilo katika maandishi yake. Septemba, jeshi la serkali na mamluki wa Mike Hoare waliingia Baraka kwa nguvu. Novemba, Wakuba wakaondoka.

Wengi walifikiri mambo yamekwisha. Kabila alirudi milimani, na tarehe 24 Desemba 1967 akaanzisha chama cha PRP. Makao yake yaliitwa Hewa Bora. Palikuwa mashamba, shule na dawa kidogo, na dhahabu ilivushwa ziwani kwenda kuuzwa. Askari wengi wa maki walikuwa Wabembe. Wasifu rasmi wa mtoto wake Joseph unasema naye alizaliwa Hewa Bora, mwaka wa 1971.

Mei 1975, watu wa PRP walivuka usiku hadi Gombe, Tanzania, wakateka watafiti wanne: Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Waliachiliwa baada ya pesa kulipwa. Novemba 1984, PRP iliteka Moba kwa muda mfupi. Jeshi la Mobutu likajibu kwa nguvu, na raia wakabaki katikati ya pande mbili. Kisha maki ilipungua nguvu, Kabila naye akaishi zaidi Tanzania.

Oktoba 1996 jina lake lilisikika tena kutoka Lemera, katika muungano wa AFDL uliosaidiwa na Rwanda na Uganda. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilianguka, na yeye akawa raisi. Kufika Agosti 1998, wale waliomsaidia walikuwa maadui wake. Vita ikarudi Fizi: vijana wengi waliingia Mayi-Mayi upande wake, na mwisho wa mwaka ule raia wengi waliuawa Makobola.

Tarehe 16 Januari 2001, Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, Kinshasa. Kila mwaka siku hiyo ni ya mapumziko inchi nzima. Huku Fizi wanamkumbuka pia kwa lingine: milima hii ilimficha karibu miaka 20, na waliolipa deni la kumficha ni wakaaji wake.