Mendel, mtawa wa njegere

Hapa Kikuubo, Kampala, ninaponunua mali ya jumla ya kupeleka mpakani, lawama moja haiishi: mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita siko seli, wazazi wote ni wazima, basi mama ndiye anayeshutumiwa. Wanaolaumu hawajamsikia Gregor Mendel.

Mendel, mtoto wa mkulima, alizaliwa mwaka 1822 katika nchi ambayo leo ni Czech. Mwaka 1843 alijiunga na watawa mjini Brno. Mitihani ya ualimu ilimshinda, lakini bustani haikumshinda. Kati ya 1856 na 1863 alipanda mimea ya njegere karibu 28,000. Alipozalisha njegere za njano na za kijani pamoja, uzao wa kwanza ulikuwa njano tupu. Katika uzao wa pili kijani kilirudi: njano 6,022, kijani 2,001, yaani tatu kwa moja. Kumbe kila mzazi hutoa nusu, na kilichojificha hakijapotea.

Alichapisha matokeo mwaka 1866, wataalamu wakampuuza. Alifariki mwaka 1884. Kazi yake ikafufuliwa mwaka 1900.

Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper waliripoti kuwa Bwamba, mpakani na Kongo, watu 45 kati ya 100 walikuwa na asili ya selimundu damuni. Wengi wa namna hiyo hawaugui. Lakini wawili wakioana, hesabu ni ile ya njegere: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na baba amechangia sawa na mama.

Ndugu mliorejea nyumbani, nanyi wa mpakani, pimeni damu kabla ya ndoa.