Babe Ruth: Nguvu Haianzii Mikononi

Wanachuo wenzangu, sisi tunaosomea elimu tuna neno moja tunalolipenda kupita kiasi: kipaji. Mtoto akifaulu tunasema ana kipaji. Akishindwa tunasema hana, basi, tunafunga daftari na kwenda chai. Nimeamua kuandika juu ya Babe Ruth, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyefariki mwaka 1948, kwa sababu dunia nzima ilimtaja kama mtu wa nguvu za kuzaliwa nazo tu. Lakini ukifuatilia maisha yake unakutana na walimu kila kona.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana kwetu bado ni mgeni. Mimi nimekulia Mpanda, na pale mpira ni wa miguu, wasichana wana netiboli na rede, hadithi imeisha. Kwenye besiboli kuna mrushaji na kuna mpigaji. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka pale anaposimama mpigaji, halafu anarusha mpira mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mpigaji ana rungu la mti. Akiupiga mpira ukapaa na kuvuka uzio wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne taratibu na hakuna wa kumzuia. Huo mpigo wanauita homurani. Akiukosa mara tatu anatolewa, anarudi kukaa benchi. Mrushaji mzuri akiachia, mpira unamfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Ndani ya muda huo unaona, unaamua, unapiga.

Jina lake kamili ni George Herman Ruth. Alizaliwa tarehe 6 Februari 1895 katika mji wa Baltimore, baba yake akiwa na baa. Wazazi walipata watoto wanane, wakabaki wawili tu, George na dada yake. Mtoto mwenyewe alikuwa mtoro wa shule na mzururaji wa mitaani, na mwaka 1902, akiwa na miaka saba, alipelekwa St. Mary's, shule ya bweni iliyoendeshwa na mabruda Wakatoliki kwa ajili ya yatima na watoto walioshindikana majumbani. Aliingia na kutoka, akaingia tena, mpaka mwaka 1914. Mama yake alifariki mwaka 1912, yeye bado yumo humo.

Pale shuleni kila mvulana alifundishwa ufundi. George alijifunza kushona mashati, na kama mambo yangeenda yalivyopangwa angekuwa fundi cherehani. Lakini kulikuwa na bruda mmoja, Matthias, mtu mrefu mno, msimamizi wa nidhamu, ambaye jioni alitoka uwanjani na wavulana. Alikuwa na mazoea ya kushika rungu kwa mkono mmoja na kuupiga mpira ukaenda juu na mbali, wavulana wakikimbia kuudaka. George alimtazama. Alijifunza hata mwendo wake, zile hatua fupi fupi za vidole vilivyoelekea ndani. Alikuwa wa mkono wa kushoto na glavu ya kumfaa haikuwepo, ikabidi adake kwa ya mkono wa kulia, lakini Bruda Matthias aliendelea kumpa muda, jioni baada ya jioni. Ruth alikuja kumtaja bruda huyo maisha yake yote kama mtu mkubwa kuliko wote aliowahi kuwajua.

Mwaka 1914 Jack Dunn, mwenye timu ya Baltimore Orioles, alimsajili akiwa na miaka 19. Wachezaji wakubwa walimwona kama mtoto mpya wa Dunn, na hapo ndipo jina la Babe lilipotokea. Mwaka huo huo akauzwa Boston Red Sox. Hapa wengi wanashangaa: Ruth alianza kama mrushaji, na mrushaji hatari kweli. Mwaka 1916 alishinda mechi 23. Kwa kawaida mrushaji hategemewi kupiga, kwa hiyo hakuna aliyemsumbua kuhusu mtindo wake wa kushika rungu, na uhuru huo ulimsaidia sana.

Maana wapigaji wa zama zile walishika rungu juu kidogo ya mwisho wake na kuugonga mpira kwa mpigo mfupi, uanguke katikati ya wapinzani, halafu wakimbie. Kupiga kwa nguvu zote kulionekana ushamba. Ruth alishika mwisho kabisa wa rungu, akapiga kwa mwili mzima, na mpigo wake ukapanda juu kidogo badala ya kushuka. Mwaka 1919 alipiga homurani 29, rekodi. Boston wakamuuza New York Yankees kwa dola 100,000, na mwaka 1920 akapiga 54. Katika ligi yao ya timu nane, timu nyingine zote saba, kila moja kwa wachezaji wake wote, zilipata pungufu ya zile za mtu huyu mmoja.

Sasa nguvu ile ilitoka wapi? Picha zinaonyesha mwanamume wa kifua kikubwa na miguu myembamba, na watu walisema ni mikono. Hapa naomba twende shambani. Baba yangu mdogo ana shamba la mahindi njia ya Sitalike, na kila kiangazi lazima visiki vya miombo vikatwe. Ni mtu mwembamba. Akikata kisiki kwa pembeni, anatanguliza mguu, uzito unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kiuno kinageuka kabla ya mabega, mabega yanavuta mikono, mikono inavuta mpini, na shoka linafika la mwisho likiwa na kasi kuliko kiungo chochote cha mwili wake. Kijana mwenye misuli anayetumia mikono peke yake anachoka kabla ya kisiki cha pili.

Ruth alifanya hivyo hivyo. Alisimama miguu ikiwa karibu karibu, mgongo wake ukimwelekea mrushaji kidogo, kama kamba iliyosokotwa. Mpira ukiachiwa, alipiga hatua ndefu kwa mguu wa kulia. Kiuno kilianza kufunguka wakati mabega bado yamebaki nyuma, na kule kuachana kwa kiuno na mabega kukavuta misuli ya tumbo na mgongo kama mpira wa manati. Kisha mguu wa mbele ukakaza na kukataa kwenda zaidi. Aliyewahi kusimama kwenye basi dereva akakanyaga breki anajua kinachofuata: miguu imesimama, kichwa kinaendelea na safari. Mwilini ni vivyo hivyo. Sehemu ya chini ikisimama, kasi yake inahamia ya juu: mguu kwa kiuno, kiuno kwa mabega, mabega kwa mikono, mikono kwa rungu. Wale vijana wa Kisukuma wanaolima kwa plau ya ng'ombe kule Mpimbwe wanalijua hili kupitia mjeledi. Mkono unasogea kidogo tu, lakini ncha ndiyo inayolia.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni kupiga kuelekea juu kidogo. Mpira uliorushwa huwa unashuka unapomkaribia mpigaji. Rungu likija likipanda kidogo, linakaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi, na mpira ukiguswa unapaa. La pili ni uzito na kasi. Wenzetu wa fizikia wanafahamu kwamba uzito ukiongezeka mara mbili nishati inaongezeka mara mbili, ila kasi ikiongezeka mara mbili nishati inakuwa mara nne. Ruth alitumia marungu mazito, ya zaidi ya kilo moja. Wapigaji wa leo wengi wako kwenye gramu 900 hivi, yaani wamechagua kasi. Yeye aliweza kulipeleka rungu zito kwa kasi kwa sababu kazi aliifanya kwa miguu na kiuno.

Mwaka 1921 watu wa chuo kikuu nao waliingia kwenye mjadala. Mwandishi wa habari Hugh Fullerton alimpeleka Ruth kwenye maabara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wakampima macho, masikio, utulivu wa mikono, wakamfunga mrija kifuani ili waone anavyopumua wakati wa kupiga. Majibu yakaandikwa kwenye jarida la Popular Science Monthly: macho yake yalifanya kazi haraka kuliko ya mtu wa kawaida kwa asilimia 12 hivi, masikio kwa asilimia 10. Ukiangalia vizuri, hizo si tofauti za mbingu na ardhi. Si mara kumi, si mara tano. Tena walimkuta na kasoro: alibana pumzi tangu anapovuta rungu nyuma mpaka linapogusa mpira, na wapimaji waliona kwamba bila kubana pumzi angepiga kwa nguvu zaidi. Hivyo maabara ilithibitisha kwamba alizaliwa na macho mazuri, ikaonyesha pia kwamba bado alikuwa na la kufundishwa.

Naye alilijua hilo kwa uchungu. Alikula hovyo, alikunywa, alikesha. Mwaka 1925 mwili ukagoma: akaugua tumbo, akapasuliwa, msimu ukaharibika, na watu wakasema Ruth ameisha akiwa na miaka 30. Mwisho wa mwaka huo alikwenda kwa Artie McGovern, mwalimu wa mazoezi jijini New York, akakubali kupangiwa chakula, usingizi na mazoezi kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Mwaka 1926 akapiga homurani 47. Mwaka 1927 akapiga 60, rekodi iliyodumu miaka 34 mpaka Roger Maris alipofikisha 61. Jumla ya maisha yake ni 714, na hakuna aliyempita mpaka Hank Aaron mwaka 1974. Mtu huyo huyo alitolewa kwa kukosa mpira mara 1,330. Wanaoogopa sapu waisome tena namba hiyo.

Kuna jambo halipaswi kufichwa. Miaka yote ya Ruth, ligi kubwa za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi. Josh Gibson, mpigaji mweusi ambaye wengi waliomwona walimlinganisha na Ruth, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajafunguliwa mlango huo. Kwa hiyo tunapohesabu rekodi za Ruth tukumbuke kwamba hakulazimika kushindana na kila aliyeweza kushindana naye. Gibson naye alikuwa na uwezo. Nafasi ndiyo waliyomnyima.

Mwaka 1934 Ruth alikwenda Japani na kikosi cha nyota wa Marekani. Umati mkubwa ulijaa mitaa ya Tokyo kumpokea, na wakacheza miji mingi, pamoja na kwenye uwanja wa Koshien ambao Wajapani wanautumia kwa mashindano ya shule za sekondari. Mwisho wa mwaka huo huo Japani ikaunda timu ya kulipwa, ile inayoitwa Giants hadi leo. Na ni Wajapani waliokuja kuwasha moto wa besiboli katika shule zetu. Kuanzia mwaka 2012 mchezo ulianza kufundishwa Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na mashindano ya kitaifa yakapewa jina la Tanzania Koshien. Kutoka kwa bruda wa Baltimore hadi kijana wa Azania ni mlolongo wa watu walioonyeshana kitu kwa mikono yao wenyewe.

Ruth alistaafu mwaka 1935. Siku chache kabla ya hapo, akiwa mzito na magoti yamechoka, alipiga homurani tatu katika mechi moja mjini Pittsburgh, na ya tatu ndiyo ya 714. Alitamani kuwa kocha mkuu wa Yankees lakini nafasi hiyo hakuipata kamwe. Saratani ikamshika kooni na nyuma ya pua, na tarehe 16 Agosti 1948 akafariki New York akiwa na miaka 53. Mwili wake uliwekwa kwenye uwanja wa Yankees, na maelfu kwa maelfu wakapanga foleni kumuaga.

Nimeandika haya kwa sababu mwakani baadhi yetu tutapangiwa shule za Katavi, Rukwa, Kigoma. Tutakuta ratiba yenye kipindi cha michezo kilichoandikwa ukutani, halafu kwenye kipindi hicho watoto wanamwagilia bustani ya mwalimu au wanafanya majaribio ya hisabati. Tutakuta pia mtoto mmoja mtoro, mkorofi, ambaye ofisi nzima ya walimu imeshamkatia tamaa. Sisemi kila mtoro ni Babe Ruth. Ninachosema ni kwamba katika ile shule ya Baltimore kulikuwa na mamia ya wavulana ambao jamii haikuwataka, na mtu mzima mmoja alikubali kutoka nje jioni na rungu lake, akapiga mpira na wao wakamtazama. Hakuandika andiko la mradi wala hakusubiri posho.

Kwa hiyo ukifika kituoni kwako, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba mtoto fulani hana kipaji, jiulize kama kuna yeyote aliyewahi kumwonyesha namna ya kusimama, mguu upi utangulie, kiuno kigeuke lini. Kama hayupo, zamu ni yako.