Nyerere: Aliyewatoa watu msituni na kuwaachia kijiji cha kuulinda

HIFADHI ya Taifa ya Katavi, iliyo kusini mwa mji wa Mpanda, imebeba jina la mwindaji. Masimulizi ya Wabende yanasema roho ya mwindaji huyo, Katabi, inaishi katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka chini ya mti huo. Lakini kiongozi ambaye Serikali yake iliifanya sehemu hiyo kuwa hifadhi ya taifa, mwaka 1974, hakuwa mwindaji, wala hakujulikana kwa kupenda kutazama wanyama. Huyo ni Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Upande wa magharibi mwa nchi aliujua mapema, kwani alisoma Shule ya Serikali ya Tabora na, baada ya Makerere, akarudi mjini humo kufundisha St. Mary's hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949.

Septemba 1961, akiwa Waziri Mkuu na uhuru ukiwa umebakiza miezi mitatu, alitoa tamko mjini Arusha ambalo lilifungamanisha uhai wa wanyamapori na riziki ya Watanganyika wa kesho. Miaka miwili baadaye kilifunguliwa Chuo cha Mweka, ili Waafrika wenyewe waisomee kazi hiyo. Mwaka 1973 Serikali yake ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1978.

Hayo ndiyo husimuliwa zaidi. Yaliyotokea kwa watu wa Mpanda katika miaka hiyo hiyo husimuliwa kwa nadra.

Watongwe, wenyeji wa milima iliyo kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, walikuwa wakiishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika ndani ya miombo na kando ya misitu mizito ya mabonde ya mito. Walilima kipande, wakakiacha kipumzike, wakahamia kingine. Katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwatoa huko na kuwakusanya katika vijiji vikubwa, kama ilivyofanya kwa mamilioni ya Watanzania wengine. Walioachwa milimani ni chui, sokwe na nyani. Kwa mnyama ilikuwa nafuu. Kwa mzee aliyeacha makaburi ya wazazi wake ilikuwa habari nyingine, na si haki kuyataja mafanikio ya uhifadhi bila kulitaja hilo.

Wakati huo huo Mwalimu aliwafungulia milango wakimbizi wa Burundi. Makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo, yalianzishwa katika misitu ya Mpanda. Miombo mingi ikawa mashamba.

Hata hivyo, kijiji kile kile kilichowatoa watu msituni kilipewa nguvu ya kisheria. Sheria ya mwaka 1975 ilikiandikisha, na ile ya Serikali za Mitaa ya 1982 ikakipa mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mwalimu alifariki dunia London Oktoba 14 mwaka huo huo.

Thamani ya urithi huo ilionekana kwa simba. Baadhi ya vijana wa Kisukuma, ambao jamaa zao walihamia Katavi na Rukwa na mifugo, walikuwa wakiua simba kisha kuzunguka kaya hadi kaya wakicheza ngoma na kutunzwa ng'ombe na fedha. Desturi hiyo ilianza kama shukrani kwa aliyeokoa zizi, lakini wengine waliigeuza kuwa biashara na kumfuata simba porini. Askari wa hifadhi peke yao hawakuweza kuizuia. Kampeni ya Watu, Simba na Mazingira, maarufu kama WASIMA, iliyoanza katika miaka ya 2010, iliwaendea viongozi wa jadi, sungusungu na serikali za vijiji, ili jamii yenyewe ikatae kumtunza muuaji wa simba asiyekuwa na zizi la kulinda.

Huko milimani, katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vimetenga misitu yao na kuuza hewa ukaa. Mapato yamefikia mabilioni ya shilingi, na yamejenga madarasa na zahanati. Chui wangali humo. Ng'ombe nao wanazidi kusogea, na kila msimu wa kilimo mkutano wa kijiji huletewa ombi jipya la shamba.